Wasifu wa Mzee Ezra Kiprop wa Soy, Aliyeacha Mtarakwa Wake Usimame (1952–2025)

Ndugu, jamaa na marafiki mliopanda mpaka hapa kwenye tope hili, poleni na karibuni. Marehemu Mzee Ezra Kiprop alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 huko Moi's Bridge, katika shamba la mahindi ambako baba yake alikuwa kibarua.

Alisoma hadi darasa la saba. Baba yake akafariki, na masomo yakaishia hapo. Mwaka 1969 alikwenda Eldoret kujifunza useremala kwa fundi Kinuthia, kisha akafungua karakana hapa Soy. Wengi wenu mnakalia viti vyake. Wengine, tuseme ukweli, wazazi wenu wamelala ndani ya majeneza yake.

Mwaka 1978 alimwoa Mama Sabina Jebet. Kifungua mimba wao, Kiplimo, alipozaliwa mwaka 1981, Mzee alipanda mtarakwa nyuma ya nyumba. Ulipokomaa alikuwa akiupigapiga kwa kiganja: "Huu ni wangu. Mtanizika ndani yake, si ndani ya mbao laini."

"Wewe unawaza jeneza," Mama alimjibu, "na jikoni hakuna kuni!"

Mwaka 2013 kampuni moja ya ng'ambo iliwaomba wakulima wa mteremko huu wapande miti ya kiasili na kuiacha isimame miaka thelathini. Miti ingevuta moshi wa viwanda vya mbali, na wenye viwanda wangewalipa wakulima. Mzee alipanda nusu ya shamba. Siku ya kuhesabu, mtarakwa nao ulipigwa alama nyeupe ya miti isiyokatwa, naye hakukataa. Tangu hapo jirani yetu Macharia, mwenye duka, akamwita Mzee wa Hewa, eti anauza hewa.

"Nipimie gorogoro moja ya hewa, Mzee!"

"Leta gunia lisilo na tundu, Macharia."

Mwaka 2021 ofisi ya kampuni hiyo mjini ilifungwa, na malipo yakakoma. Mashamba ya jirani yamebaki visiki, mnaviona. Mzee hakukata.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua, na Mei mwaka huu alilazwa hospitalini Eldoret. Macharia alikuja akamkuta na mpira wa oksijeni puani. Mzee ndiye aliyeanza, kwa sauti ya kukatika: "Macharia, sasa mimi ndiye napimiwa." Wakacheka, kisha Macharia akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo.

Siku za mwisho Kiplimo alimuuliza, "Baba, ile kampuni ilienda. Tukate mtarakwa wako?"

"Nautaka," Mzee akasema. "Lakini mimi nilisema miaka thelathini. Wao ndio walienda." Alifariki tarehe 9 Juni 2025.

Jeneza mnaloliona Kiplimo amelitengeneza kwa randa ya baba yake. Ni la saiprasi, mbao laini tulizonunua mjini. Mtarakwa uko hapo nyuma ya hema, na alama yake. Tumemnyima kitu kimoja alichokitaka, kwa sababu alituomba tumnyime.

Ameacha mjane, Mama Sabina. Watoto wake Kiplimo na Sharon. Dada yake Esther, na wajukuu watano. Ahadi yake inaisha mwaka 2043.

Mungu ampe fundi wetu pumziko la amani. Miaka iliyobaki ameachiwa Kiplimo.