Bwana Yoeli na Moshi Uliorudi

Tarehe 30 Septemba 1956 Bwana Yoeli Kagaruki anastaafu, baada ya kuuhudumia mji wa Bukoba kwa miaka ishirini na saba. Alianza kwa kumwagia mafuta madimbwi ya mbu, akapanda ngazi hadi kuwa Bwana Afya, na sasa anatuachia viatu vikubwa ambavyo hakuna kati yetu anayejitia kuvijaza.

Alitujia kutoka Nshamba, huko juu Muleba, akiwa na baiskeli, sauti ya kanisani, na imani kwamba hakuna shida isiyomalizika ukiamka mapema. Mwenye nyumba asiyechimba choo alikuwa akisikia kengele ya baiskeli ile anajitoma migombani. Haikusaidia, maana Bwana Yoeli alimfuata humohumo, akamsalimia kwa heshima zote, kisha akamwonyesha pa kuchimba.

Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na vilima. Wakati wa masika mvua huisafisha hewa, hata tukasahau kwamba tunaivuta. Kiangazi ni habari nyingine. Nyasi za rweya, yale malisho ya vilimani, zinachomwa juu, makapi ya kahawa yanachomwa chini, na usiku baridi hushuka vilimani ikaugandamiza moshi wote juu ya mapaa yetu mpaka jua lipande.

Mwaka wake wa kwanza kama Bwana Afya, aliamuru makapi yaliyokuwa yakichomwa katikati ya mji yapelekwe ufukweni na kuwashwa alfajiri. Moshi ukaelekea ziwani kama alivyotabiri. Bwana Yoeli akasimama mchangani, mikono kiunoni, akiwapokea waliokuja kumpongeza. Nshamba iko mbali na ziwa, na upepo wa kwao hauna tabia ya kugeuka. Wa Bukoba unayo. Kabla ya adhuhuri ulianza kuvuma kutoka ziwani, na rundo la makapi bado linafuka. Sokoni watu hawakuonana. Bi Shamsa, muuza samaki, alimtumia ujumbe ambao mji mzima unaukumbuka: “Mwambieni Bwana Afya moshi wake umerudi, aje auchukue.”

Tulicheka mpaka jioni. Jioni tukasikia kwamba mkewe, Bibi Kemilembe, mwenye ugonjwa wa pumu, ameshindwa kupumua nyumbani kwao, mtaa wa Kashai. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini ilibidi apandishwe Nshamba. Tangu hapo kila kiangazi aliondoka nyasi za kwanza zilipowaka, akarudi na mvua za vuli. Bwana Yoeli alibaki Kashai akijipikia ndizi, na tuliozila tunajua alivyomhitaji mkewe.

Mwingine angeomba uhamisho. Yeye alisimama mbele ya wazee wa mji akasema kosa ni lake, kisha akaanza kujifunza upepo upya kwa kuwauliza wavuvi, wapishi na yeyote mwenye kamba ya kuanika nguo. Rundo likahamishiwa nyuma ya mji, chini ya vilima. Likawa linawashwa upepo wa ziwa ukishatulia katika mwendo wake, na kufukiwa udongo kabla jua halijazama. Hewa ikapata nafuu, ila haikumtosha. Akaanza kuwashawishi wakulima wayachukue makapi wakayatandaze vibanjani, chini ya migomba. Wengi walimwona anawatwisha takataka za mji. Alianza na kibanja chake mwenyewe cha Nshamba, akawaalika waje kutazama mikungu. Baada ya hapo kazi ya kushawishi ilikwisha, ikabaki ya kuwapanga foleni.

Kiangazi cha mwaka huu halikuchomwa hata kapi moja mjini. Moshi wa rweya ulikuja kidogo, ukaondoka. Na Bibi Kemilembe, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, hakupanda Nshamba. Juni, Julai na Agosti tulimwona akienda sokoni kwa miguu, na nusu ya mji ilitoka nje kumsalimia tu.

Tulipomuuliza Bwana Yoeli kama sasa watarudi kijijini, alisema aulizwe mkewe. Tukamuuliza. Bibi Kemilembe akajibu kwamba Nshamba amekaa viangazi vya kutosha.

Bwana Yoeli, asante kwa hewa tunayoivuta. Mkae salama hapo Kashai, masika na kiangazi, nyote wawili.

Ayubu Bashiri, kwa niaba ya wenzako kazini