Nasaha Isiyopita Mdomoni

Benchi lile liliegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani, na mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Pembeni yake Fundi Gundi alitandaza vyake: sindano, nyuzi, nta, mkebe wa gundi na viatu vya watu. Wateja wa kudumu wa benchi walikuwa wawili: Shahidi, ambaye halikutokea jambo mjini asiwepo, na Daktari, aliyepata jina hilo kwa kuugua sana, si kwa kutibu. Jioni hiyo muuza kahawa alikuwa ameshamimina vikombe vya kwanza. Fundi, ambaye tangu amzike mkewe alikuwa mtu wa maneno machache, aliweka nyundo chini akatoa jambo lililokuwa limemkaa kooni.

— Binti yangu anaondoka Jumatatu. Chuo kimempokea. Nataka nimpe nasaha, ila sijui nianzie wapi.

Binti yule walimjua wote. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mwalimu wake wa sekondari hakumwacha bila kumwonyesha njia: alimtuma benki peke yake, hospitali peke yake, na kalamu na karatasi mkononi. Alimfundisha kuwaambia wahadhiri wamgeukie wanaposema, na kudai mkalimani wa lugha ya alama kabla masomo hayajaanza. Mkalimani akapatikana. Kilichobaki kilikuwa cha mzazi.

— Mwambie akae mbele darasani, alisema Shahidi.

— Hilo mwalimu kashamwambia.

— Basi mwambie awe na nidhamu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Daktari alimgeukia polepole.

— Shahidi, ndugu yangu, methali hiyo si ya kwake.

— Kwa nini?

— Hebu irudie moyoni.

Shahidi akairudia moyoni. Akanywa kahawa.

— Mimi wasiwasi wangu ni wahadhiri wenye masharubu, aliendelea Daktari. Binti anasoma midomo kidogokidogo. Mtu ana masharubu kama fagio, mdomo atauona wapi? Chuo kiwanyoe.

— Wote?

— Wote. Na wanawake nao wakaguliwe, haki iwe sawa.

— Masharubu si kitu, alisema Shahidi. Dawa ni sakafu. Wang'oe saruji, waweke mbao. Mhadhiri akifika kwenye neno zito anapiga mguu chini, binti analipata kwenye nyayo. Nimeshuhudia.

— Wapi?

— Palikuwa mbali.

— Na neno jepesi?

— Anaruka kidogo tu.

— Basi mpaka mtihani ufike, atakayevunjika guu ni mhadhiri.

Fundi alitabasamu, akavuta uzi. Hakuwakasirikia. Walikuwa wamebeba jeneza pamoja naye, na mtu aliyekubebea jeneza unamvumilia na porojo zake.

— Mwandikie basi, alisema Daktari. Si anasoma kutushinda sote?

— Anasoma. Lakini nasaha ya mzazi si tangazo la kubandika mlangoni. Nataka nimwambie huku ananitazama. Marehemu angekuwepo...

— Mungu amrehemu.

— Amina. Yeye ndiye alikuwa ulimi wa nyumba ile. Mimi nasema, yeye anaweka mikononi. Mtoto anasema kwa mikono, yeye ananiletea. Sasa tumebaki wawili. Vitu vya kushika tunaelewana: sufuria, ufunguo, ndoo. Cha moyoni hakina pa kunyooshea kidole.

Hakuwaambia yote. Kila baada ya chakula alimwombea mtoto kwa sauti, kama mama wa mtoto alivyofanya, na mtoto alimtazama midomo mpaka aone amina. Baada ya hapo kila mmoja aliinuka na sahani yake.

— Nimepata, alisema Daktari. Mwite huyo mkalimani wa chuo aje Jumapili, akufikishie.

— Mambo ya baba na mwanawe mbele ya mgeni? alisema Shahidi.

— Kuna ubaya gani? Penye wengi hapaharibiki neno.

— Hapa tupo watatu tu, na limeshaharibika.

Karibu yao alikuwa amesimama mama mmoja, mgeni pale, ameshika kiatu cha mtoto kilichoachia soli. Alikuwa amesubiri zamu yake kwa adabu.

— Samahani, fundi. Nimesikia bila kukusudia. Huyo binti anakuitaje?

— Anamwita baba, alidakia Shahidi. Amwiteje tena?

— Ndiyo, lakini kwa mikono. Akikutaja wewe, anafanyaje?

Daktari aliinua mkono kama anayekumbuka, akaupeleka kidevuni, akaushusha.

Fundi alifikiri. Binti akimhitaji, humgonga bega. Lakini zamani, mezani, alipomsimulia mama yake habari za baba, kulikuwa na kitu ambacho mkono ule ulifanya. Karibu na uso, au kifuani. Kisha mama aligeuka na kusema, "Anasema wewe..." na Fundi alikuwa akimtazama mama. Jina lake lilikuwa limepita mbele ya macho yake miaka yote ile, na hakulitazama hata siku moja.

— Sijui, mama, alisema.

— Nilikuwa nauliza tu.

— Umefanya vizuri. Niachie hicho kiatu. Nitakipiga uzi, kesho kitakuwa tayari.

Alifunika mkebe wa gundi, akakusanya sindano, akaingiza kila kitu kwenye mfuko wake wa kazi.

— Kahawa yako bado, Fundi.

— Inyweni.

— Jua halijazama, unakwenda wapi?

— Nyumbani. Nakwenda kumuuliza.

— Utamuulizaje sasa? alisema Shahidi, na safari hii hakuwa akitania.

Fundi alisimama, mfuko begani. Hilo nalo hakulijua. Akaenda hivyo hivyo.