Kanuni ya Njia ya Mfereji

Kijiwe chetu kilikuwa mbele ya kibanda changu cha viatu, pale njia ya mfereji ilipoiacha barabara ya Bigwa ikakata kuelekea mjini. Benchi lilikuwa moja, limeng'aa kwa makalio ya watu wasio na haraka, na mimi mwenye kazi nilikaa chini na nyundo yangu nikiwatazama watu kuanzia miguuni, maana mguu haujui kusema uongo. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Ukielekea mjini, kushoto una mfereji, kulia una migomba, na katikati panatosha watu wawili kama hawana ugomvi. Miaka ya nyuma ilikuwa ya waenda kwa miguu tu, lakini tangu petroli ianze kupatikana kwa tabu, kila mwanamume wa Morogoro alikumbuka kwamba kwao kuna baiskeli. Basi siku mbili kabla ya kikao hiki, Mikidadi, kijana anayepeleka maziwa mjini kwa baiskeli yake ya Kichina, Foniksi, aligongana na mama mmoja aliyejitwika miwa. Mama akatumbukia mferejini akachubuka kiwiko, na maziwa yote yakanywewa na vyura.

Habari ilimfika Mzee Ahmadi, ambaye ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi na ndiye huyo huyo aliyekuwa akituuzia kahawa. Alitua jiko lake, akaweka dele la kahawa juu ya makaa, akatutazama mmoja mmoja.

Mzee Ahmadi: Ninyi kila siku mnajua kila kitu. Leo nataka kanuni ya ile njia. Mstari mmoja, mwenye miguu aufuate na mwenye baiskeli aufuate. Nitaupigilia kwenye nguzo. Dele hili likiisha bila kanuni, kuanzia leo baiskeli zitapita pale kwa kukokotwa.

Mikidadi alikuwa amesimama pembeni na madumu mawili ya maziwa ya mchana, moja kila upande wa gurudumu la nyuma. Kusikia neno kukokotwa, akasogea mbele haraka.

Mikidadi: Mzee, nikikokota mpaka mjini na jua hili, maziwa yatafika yameganda. Wenye watoto wachanga watamtafuta mtu mwingine, na mimi kazi yangu ni hii tu.

Mzee Ahmadi: Basi omba hawa wazee wako wawe na akili leo.

Nilichana ukurasa kwenye daftari langu la elimu ya watu wazima, nikachonga penseli kwa kisu cha ngozi. Ukatibu ulikuwa wangu bila kupigiwa kura, kwa sababu mwandiko wangu, na ninasema hili bila haya, ulimshinda hata mwalimu aliyenifundisha. Kulia kwa benchi alikaa Salehe, tuliyemwita Kifungu. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini, na sheria yote aliyoijua aliipatia mlangoni. Kushoto alikaa Tomasi, yaani Injinia, aliyebeba mawe miezi miwili kwenye ujenzi wa reli akarudi na elimu isiyokwisha.

Kifungu: Tunahangaika bure. Sheria ipo. Kifungu cha arobaini na mbili: mwenye kengele ana haki. Akipiga, wengine wapishe.

Mimi: Kifungu cha kitabu gani?

Kifungu: Kile kikubwa.

Mikidadi: Na nilipiga, wazee wangu. Mara tatu, kwa adabu kabisa. Sikupiga kama mtu mwenye fujo.

Kifungu: Umeandika, katibu? Mara tatu. Mama hakusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mzee Ahmadi: Kaumia kiwiko.

Kifungu: Kiwiko ni guu la juu.

Vikombe vya kwanza vikagawiwa. Injinia akanywa chake kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo Mikidadi hakulipenda, maana alikuwa analihesabu dele kwa macho.

Injinia: Kosa si la sheria, ni la masikio. Mtu akijitwika mzigo, damu yote hushuka miguuni, masikio yanaziba. Nimeliona relini kwa macho yangu. Kwa hiyo kengele ya kidole gumba haifai. Afunge kengele ya shule.

Mikidadi: Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli, Injinia. Nibebe reli au nibebe maziwa?

Injinia: Chagua wewe. Mshika mawili moja humponyoka.

Mimi: Tuandike upande. Mwenye mzigo apite upande upi?

Kifungu: Kulia. Mwenda kwa miguu hupita kulia, aone kinachokuja mbele yake.

Injinia: Nchi nzima imeamua kwenda kushoto, wewe unampeleka mama wa watu kulia kwa mabepari? Akisikia kengele asogee kushoto.

Mimi: Kushoto ni mfereji.

Injinia: Atalowa, lakini atakuwa hai.

Niliandika kushoto, nikafuta, nikaandika kulia, nikafuta. Karatasi ikaanza kutoboka. Mikidadi akaisogeza baiskeli kivulini, akagusa dumu kwa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto. Nilimwonea huruma, na hasira ikanipanda juu ya wale wawili, ingawa mimi mwenyewe sikuwa na la maana zaidi.

Kifungu: Basi tuwatenganishe kwa saa. Wenye miguu wapite saa za shufwa, wenye magurudumu saa za witiri.

Mzee Ahmadi: Na mgonjwa akizidiwa saa ya witiri, naye hana baiskeli?

Kifungu: Avumilie. Mvumilivu hula mbivu.

Injinia: Kazi ya saa itatuletea kesi. Dawa ni kioo. Kila mwenye mzigo afungwe kioo cha kinyozi kwenye paji la uso. Anakwenda mbele, anaona nyuma. Nani atamgonga?

Mimi: Na mwenye baiskeli anayekuja mbele, jua likimpiga machoni kutoka kwenye kioo?

Injinia: Huyo afungwe kitambaa.

Kifungu: Kioo hakitoshi. Baiskeli itanguliwe na mtu mwenye bendera nyekundu, anatembea, anatangaza.

Mikidadi: Mzee Kifungu, huyo wa bendera akitembea mbele yangu, mimi nimepanda baiskeli ya nini?

Kifungu: Kwa heshima tu.

Mzee Ahmadi akaliinua dele akalitikisa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kahawa kidogo.

Hapo ndipo tulipomwona mama anateremka kutoka upande wa mlimani na mzigo wa miwa kichwani. Miwa ilikuwa mirefu, imetokeza hatua nzima mbele yake na hatua nzima nyuma, naye anatembea chini yake amenyooka, shingo haiendi huku wala huku. Mimi nilianza na miguu, kama kawaida. Alivaa katambuga, na soli zake zilikuwa zimelika sawasawa, za mtu asiyeyumba. Kiwiko kilifungwa kitambaa. Mikidadi alipoona kitambaa akainamisha kichwa.

Mikidadi: Ndiye yeye.

Tukamwamkia shikamoo sote, maana alitupita sote kwa umri, akaitikia marahaba, akaomba atuliwe. Mikidadi ndiye aliyekimbia. Akamtua ule mzigo polepole, akaulaza kando ya benchi, na yule mama akakaa akasema anaitwa Filomena. Kifungu akajisogeza karibu naye, akapaza sauti kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Kifungu: Mama! Unasikia vizuri?

Filomena: Nasikia, mwanangu. Mbona wanipigia kelele?

Kifungu: Juzi hukusikia kengele?

Filomena: Niliisikia. Iligongwa mara tatu.

Injinia akakohoa. Kifungu akamtazama Mikidadi, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe.

Kifungu: Sasa ulisikia, mbona hukumpisha?

Filomena: Ndiyo nilikuwa nampisha. Niligeuka nimtazame anayenigongea, nijue anataka nini. Hapo ndipo aliponiingia. Huko njiani nimeambiwa mnaandika kanuni, nikasema nipite niulize, maana kesho nitapita tena. Mtu ukigongewa kengele nyuma yako, unatakiwa ufanye nini?

Lilikuwa swali jepesi. Tulilijibu sote kwa mara moja, na hakuna aliyesita.

Kifungu: Usimame.

Injinia: Usogee kushoto.

Mikidadi: Usogee kulia.

Mimi: Uendelee kama ulivyo.

Mama Filomena alitutazama akisubiri tumalize kuchekesha, tumwambie lililo la kweli. Mimi nilijishughulisha na penseli. Ilikuwa aibu, siwezi kuiita jina jingine.

Injinia hakuwa mtu wa kukaa na aibu muda mrefu. Akasimama, akakunja mikono ya shati.

Injinia: Maneno hayajengi daraja. Nitwikeni hiyo miwa. Mikidadi, njoo na baiskeli yako nyuma yangu, upige kengele. Nitawaonyesha mtu mwenye akili anavyosogea kushoto.

Tukamtwika. Akapiga hatua mbili tatu mbele ya benchi, miwa inacheza kichwani kwa kukosa shingo iliyozoea. Mikidadi akaja nyuma yake, akapiga kengele mara moja, kwa adabu ile ile.

Injinia hakusogea kushoto. Hakusogea kulia, wala hakusimama. Aligeuka mzima mzima kutazama nani anamgongea, na miwa ikageuka naye. Ncha ya mbele ikapita juu ya benchi, Kifungu akajirusha chini akiwa amekumbatia kilemba chake. Ncha ya nyuma ikainama, ikalifagia dele kutoka juu ya jiko. Kahawa ikalia juu ya makaa, moshi ukapanda, na miwa ikabaki imelala kukingama njia nzima, kutoka kibanda changu mpaka upande wa pili. Gurudumu la Mikidadi lilisimama kiganja kimoja tu kutoka kwenye ile miwa.

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa ameona sasa namna ajali ya juzi ilivyokuwa.

Mzee Ahmadi aliokota dele lake, akaligeuza juu chini.

Mzee Ahmadi: Limekwisha. Katibu, soma kanuni.

Nilitazama karatasi yangu. Kulikuwa na kushoto iliyofutwa, kulia iliyofutwa, na tundu.

Mimi: Hakuna, Balozi.

Mzee Ahmadi: Haya, Mikidadi. Kokota.

Kijana hakubisha. Alishika usukani wa baiskeli yake, akageuka kumtazama yule mama.

Mikidadi: Mama, nisamehe. Nilipiga kengele nikadhani nimeshasema.

Filomena: Ungesema tu, mwanangu.

Mikidadi: Ningesema nini?

Filomena: Unapita wapi. Hilo tu. Ukisema unapita upande gani, mimi sina haja ya kugeuka. Nitanyooka na safari yangu, nawe utapita.

Kifungu alikuwa anajikung'uta vumbi. Hakuweza kuliacha lile neno lipite hivi hivi.

Kifungu: Ngoja, ngoja. Sheria haitaki mambo ya juu juu. Akisema napita kulia, ni kulia kwa nani? Kulia kwake au kulia kwako?

Mama Filomena akamtazama kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Filomena: Si yuko nyuma yangu? Wote tunakwenda mjini. Kulia kwake ndiko kulia kwangu.

Mzee Ahmadi akanielekezea kidole.

Mzee Ahmadi: Andika hilo. Na wewe Mikidadi, panda baiskeli yako.

Niligeuza karatasi upande usio na tundu, nikaandika: Mwenye baiskeli aseme anapita upande gani, mwenye mzigo asigeuke. Ulipaswa kuwa mstari mmoja, nami nikazibana herufi zikatosha. Mzee Ahmadi akaisoma mara mbili, akaenda kuipigilia kwa misumari yangu ya viatu.

Mikidadi akamtwika mama miwa yake, akamshukuru, akamwacha atangulie. Aliposhika njia vizuri, kijana akapanda akamfuata. Sisi tuliinuka wote, hata Kifungu, tukasimama katikati ya barabara kutazama. Tulimwona akimkaribia. Kisha tukaisikia sauti yake kutoka kule kwenye migomba.

— Mama, napita kulia!

Miwa haikuyumba. Iliendelea kunyooka ilivyokuwa, na baiskeli ikapita kando yake na madumu yake mawili, ikateremka kuelekea mjini.

Tukarudi kukaa. Injinia akajifuta kahawa kwenye suruali, akakunja nne.

Injinia: Ndivyo nilivyokuwa nikisema tangu mwanzo.

Kahawa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo hakuna aliyebisha.