Tuzo ya Kisiwa Kisicho na Moshi

Benchi la kijiji cha Nabukeru limeegemea ukuta wa duka la ushirika, na hapo kava, maji ya mizizi yanayolegeza mwili, hunywewa hata siku ya kazi, maana kazi yenyewe iko wapi? Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Semi Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, Taniela Kamati, mjumbe wa kila kamati iliyowahi kuundwa kisiwani, na Apisai, waliyemwita Kimya. Ng'ambo ya njia, mafundi wa halmashauri ya mkoa walikuwa wakipigilia kibao cha shaba kwenye ukuta wa zahanati. Kisiwa kimepata tuzo ya nishati safi: mwaka mzima hakijachoma hata tone la dizeli.

— Si uongo, alisema Redio. Akapiga kofi moja la heshima, akapokea kifuu cha kava, akakimaliza kwa mkupuo. Jenereta walilibeba, eti linatoa moshi. Wakatuletea paneli za jua, betri zikafa. Sasa tutachoma dizeli kwenye nini, kwenye pua?

— Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, Kamati akamwonya.

— Uzazi gani, mtani? Mtoto kafa, mkunga kaondoka na beseni!

Apisai akacheka kidogo, akachota kava nyingine.

— Zile betri, Kamati akaendelea, zilikufa kwa kukosa kamati. Nilisema tangu mwanzo. Kitu hakiwezi kukaa juani bila mwenyekiti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo?

— Kinaingia! Wewe huelewi tu.

— Ngoja nikupe ya ndani, Redio akasema, akasogea karibu ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Betri zilikuja zimeshazeeka. Zilifanya kazi hotelini kule bara mpaka zikastaafu. Sisi tumeletewa vikongwe vije kupunga upepo.

— Aa, hilo dogo. Mimi nasikia kuna waya chini ya bahari.

— Waya?

— Jua linapiga hapa, umeme unawaka kwa mwenyekiti wa halmashauri. Umewahi kuona nyumba yake ikiwa giza?

— Sijawahi! Redio akajipiga paja. Na jenereta letu je, lililokuwa chafu? Liko uani kwake. Kumbe huko halitoi moshi, linatoa manukato!

— Mkono mtupu haulambwi, binamu.

— Tena ndugu zangu, hili jua lenyewe limeuzwa. Limeuzwa Australia. Angalieni lilivyopauka! Ndiyo maana hata wanawake wanatukimbia. Nani akae na mzee gizani? Si Losalini huyo, kamwacha Kimya hapa, anakula raha mjini Suva!

Redio alikuwa ameshaanza kucheka. Akakuta anacheka peke yake.

Apisai alikiweka kifuu chini polepole. Losalini alikuwa mkewe, na watu wote wa benchi walijua alivyoondoka. Redio naye alijua, ila ulimi ulimtangulia.

— Sindano zake za sukari zilikaa kwenye jokofu la zahanati, Apisai alisema. Jokofu lilipozima nikazifukia kwenye mchanga wenye maji, chini ya mtungi. Kila siku nilibadilisha maji. Nilidhani zimepona. Alikuwa anajidunga dawa iliyokwisha kuharibika, na mimi ndiye niliyekuwa namkabidhi kwa mkono wangu.

— Kimya, sikuwa na maana...

— Wamemkata mguu, Semi. Yuko kwa binti yetu. Kila akipiga simu ananiuliza, "Umeme umerudi, nije?" Nikikaa kimya, anaanza kunisimulia habari za wajukuu.

Nyundo ilikuwa bado inagonga ng'ambo. Kamati alitafuta methali, akaikosa. Redio akainamia beseni la kava. Chini palibaki machicha tu.

Hapo akatokea msichana aliyevaa sare nyeupe, amekumbatia sanduku la baridi kifuani, jasho likimtiririka. Alikuwa ameshuka kwenye mashua ile ile iliyoleta kibao.

— Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni nesi wenu mpya, naitwa Vasiti. Hizi ni chanjo za watoto. Jokofu la zahanati nimelikuta halina uhai, na barafu ya humu haifiki kesho. Niziweke wapi?

Kamati akamtazama Redio. Redio akamsogezea nesi nafasi kwenye benchi.

— Kule mkoani waliniambia kuna umeme usiku na mchana, nesi akasema, sauti ikimpungua.

Apisai akainuka.

— Nipe, mwanangu.

Akajitwika sanduku begani, akashuka gatini. Mafundi walikuwa wameshapanda, na mashua ilikuwa inafunguliwa kamba. Ofisa mmoja wa halmashauri, kamera shingoni, akamnyooshea mikono akitabasamu.

— Mzee, hiyo ni zawadi yetu?

— Ni chanjo. Rudi nazo zikiwa bado nzima.

— Lakini hizi ni za watoto wenu!

— Najua ni za nani. Mjukuu wa kaka yangu ni mmojawapo. Zikilala hapa zitaoza, nanyi mtaandika kwamba tumechanjwa.

Ofisa akalipokea sanduku. Apisai alisimama gatini mpaka mashua ikavuka mwamba, na watoto wa Nabukeru wakawa wanakimbia ufukoni, wanaipungia mikono.