Homa ya Jumatatu

Nawasalimu watu wa Mungu, mlio mbele na nyinyi mliojificha kule nyuma.

Mnajua mimi nachomelea mageti hapa Manyatta. Kuna zile bomba zimepakwa zinki. Ukizichoma zinatoa moshi mweupe kama pamba. Sisi mafundi hatuogopi moshi. Ukimaliza unakunywa maziwa, unasema kifua kimeoshwa. Mimi nilipenda ya mbuzi, ya kutoka Kiritiri, lakini hayo tuyaache.

Ndugu zangu, nawaambia, homa ikaanza kunijia kila Jumatatu jioni. Maji yanakuwa matamu mdomoni kama mtu ametia sukari. Natetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Jumanne imeenda. Nafanya kazi wiki nzima, haiji. Napumzika Jumapili, naabudu hapa na nyinyi, Jumatatu iko mlangoni.

Jumapili moja nikafanya kazi. Haikuja. Nikajaribu tena, haikuja. Nikaona kuna kitu kinataka niache kanisa, nami nikakitii. Mlidhani nimehamia kanisa la majirani.

Halafu pumzi ikaanza kuisha. Baba Yetu nikawa naishia kwa mkate. Mama watoto akanipeleka zahanati.

Nesi akaniambia, "Mzee, moshi huo una chembe ndogo hata jicho halizioni. Zinapenya mapafu, zinaingia kwenye damu. Wiki nzima mwili unazizoea, Jumapili unasahau, Jumatatu unashtuka."

"Na maziwa?"

"Maziwa yanaenda tumboni. Moshi unauvuta kwa pua."

Akasema niache moshi huo, na nipande mlima kila siku, polepole, mpaka jasho. Mwili wa mazoezi unapigana na sumu vizuri kuliko mwili wa kukaa.

Bomba za zinki nikaziacha, tukapanda na mama watoto mlima wa mashamba ya majani chai. Watu wananiuliza, "Mzee, ng'ombe imepotea?" Nyuma yangu nasikia mtu anakoroma. Nageuka, hakuna mtu. Kilikuwa kifua changu. Kilinifuata hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja kikanyamaza. Nikasimama pale juu nikasema Baba Yetu hadi amina.

Asante nesi. Asante mama watoto, uliyenisukuma mgongo. Asanteni nyinyi ambao hamkumpa mtu kiti changu. Vijana wa kuchomelea, mazoezi si ruhusa ya kuvuta moshi. Kwangueni zinki kwanza, chomeeni nje, upepo ukiwa mgongoni.

Kuna mmoja ameketi hapa leo. Namsikia akipumua kutoka hapa nilipo. Simtaji. Kesho asubuhi nitamngoja kwenye barabara ya majani chai, tupande pamoja.