Sabuni Ikigeuka Rangi

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Na wewe, kaka mtu, usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuulizia njia. Vuta kiti ukae upande huu wa kitanda, dada yako akae upande ule, nami nitalala katikati, maana siku hizi ni mimi peke yangu ninayeweza kukaa kati yenu bila mmoja wenu kuondoka. Msinijibu mpaka nimalize. Daktari amenikataza kuongea sana, nikamwambia nimefundisha darasani maisha yangu yote, siwezi kwenda nikiwa kimya. Alicheka, wala hakubishana nami. Daktari akiacha kubishana nawe, umeshajua hali yako.

Nianze na mali, kwa kuwa ni chache na hazina utata. Nyumba hii ni yenu wote. Binti yangu ataendelea kuishi humu na mtoto wake, cherehani yake iko hapa na wateja wake wanaujua mlango huu. Na siku kaka yake akitaka kulala, chumba cha mbele ni chake, haombi ruhusa kwa mtu. Kiwanja ni cha kaka. Vitabu vyangu vipelekeni shuleni, vile ambavyo mchwa wameviacha. Nguo za mama yenu sijazigusa tangu alipotutoka, bado zimo kabatini kama alivyozikunja mwenyewe. Binti yangu ndiye atakayezitoa, polepole, na mtu asimhimize. Kilichobaki ni stoo ya nyuma ya jiko, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite pamoja.

Stoo haigawanywi. Jiliwa iliyofungwa mezani ibaki pale pale na ishike vyuma kama kawaida yake, tochi ya gesi ibaki, nyundo ya mpira, tupa, msasa, yale matofali mawili meusi, na kile kipande cha sabuni ya kufulia kilicholika katikati kama mwezi mchanga. Mtu asiniambie atachukua hiki na mwenzake achukue kile. Mnajua kwa nini.

Mjukuu wangu, ambaye bibi yake alimpa jina la Kiherehere kwa sababu alitaka kwenda kabla hajaweza kusimama, alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda kifundoni. Hospitali walimnyoosha kadiri walivyoweza, wakampa gango la kwanza, fito mbili za alumini zilizofungwa kwa mikanda ya ngozi, moja kila upande wa mguu, mpaka kwenye kiatu. Mtoto akakua, gango halikukua. Foleni ya kupata jingine ilikuwa ndefu kuliko mguu ulivyoweza kusubiri, na yule mtaalamu wa viungo, mtu mwema, aliponiona nazipapasa zile fito akaniuliza, “Mzee, unaweza kuiga hii?” Nikasema naweza. Akanipa vipimo, na tangu hapo kila mguu unapokua, gango jipya hutoka stooni kwetu, yeye hulikagua, mtoto hulivaa na kutukimbia. Sasa hili alilonalo limeanza kumbana. Jana alipopanda hapa kitandani niliona alama kwenye shavu la mguu, nyekundu, ya mviringo. Akikaa bila gango, mguu utarudi ulikotoka, na mateso yote aliyoyapata mtoto yule yatakuwa bure. Hili linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Msidhani sikusikia yaliyotokea stooni nikiwa nimelala. Ukuta huu ni mwembamba. Wewe, fundi wangu wa bodi za magari, ulikuja siku ambayo ulijua dada yako hayupo, ukaweka ufito juu ya moto, ukasubiri uwe mwekundu kama unavyosubiri chuma cha magari yako. Alumini haiwi nyekundu, mwanangu. Chuma hukuonya, alumini hukaa na sura ile ile, kimya, halafu ghafla inalegea na kudondoka. Nilikusikia ukisema, “Alumini gani hii, takataka!” Haikuwa takataka. Ulikuwa unaisubiri iseme lugha isiyo yake. Na wewe, mama, binti yangu, uliporudi ukakikuta kipande kimeyeyuka, ukachukua ufito mwingine ukaubana kwenye jiliwa, ukauvuta kwa mikono na goti, baridi vile vile, kwa hasira. Ukakatika pale pale kwenye kona. Usinifiche uso, hukufanya kosa la ajabu, lakini mjue kwamba mlikula fito mbili nzuri kwa sababu ya kukwepana.

Basi sikilizeni namna kazi inavyokwenda, na mmoja akisahau mwenzake amkumbushe. Ufito unaotoka dukani ni mgumu, umebanwa na mashine, ndani yake umejikaza. Ukiukunja hivyo utaona kwanza mistari midogo upande wa nje wa kona, kama ngozi ya kisigino kilichokauka, na ukiendelea utakatika. Ni lazima ulegezwe kwa moto kwanza. Chora mstari wa sabuni juu, pale pa kukunja tu. Lazeni ufito juu ya matofali. Moto uje kwa chini, utembee, usikae mahali pamoja hata kidogo. Sabuni itaanza kuwa kahawia kama chai iliyokolea, kisha itaingia weusi. Hapo ondoeni moto. Hapo hapo, msiseme bado kidogo, maana kati ya weusi na kuyeyuka hakuna nafasi ya kujadiliana. Uacheni upoe, kisha kunjeni taratibu, na kwenye meno ya jiliwa wekeni vipande vya mbao yasiuume ufito. Mkiona umeanza kukataa, msishindane nao. Urudisheni kwenye moto, sabuni upya. Na kwingineko kote msipitishe moto, tunataka pabaki pagumu pambebe mtoto.

Na msiguse kwa mkono. Alumini ya moto na alumini ya baridi hazitofautiani kwa macho. Mama yenu alikuwa akichovya vidole kwenye kikombe cha maji na kurusha tone moja juu ya ufito. Tone likichemka, alinipiga kofi la mkono kabla sijaufikisha. “Profesa,” alikuwa akiniita hivyo nikifanya upumbavu tu, “shahada yako haina dawa ya kuungua.”

Nipe maji. Asante.

Mtu mmoja anaweza kuifanya kazi hii peke yake, sikatai, wapo wengi wanaofanya hivyo. Mimi na mama yenu hatukuwahi. Mimi nilichuchumaa na tochi chini ya ufito, na nikiwa kule chini sabuni siioni. Yeye alisimama juu yangu, mkono mmoja kiunoni, akaitazama. Hakuwa akisema mengi. “Sogeza. Rudi. Usilale hapo. Toa.” Nami nilitoa. Sikuwahi kumuuliza ana hakika. Nilisoma tabia za metali chuo kikuu, najua kwa nini chembe zake hujipanga upya zikipata joto, niliwahi kuandika kurasa nyingi kuhusu jambo hilo, na katika miaka yote ile sikuwahi kuwa na raha na elimu yangu kama nilipokuwa nimechuchumaa pale, naamriwa na mwanamke mwenye kanga ya jikoni na harufu ya gesi.

Baada ya mazishi, mtoto alipohitaji gango hili alilonalo, niliingia stooni peke yangu. Nikachora sabuni. Nikawasha moto, nikachuchumaa, nikaupitisha kwa chini kama kawaida, nikawa nangoja. Sikuwa nimechanganyikiwa, nataka mnielewe vizuri, nilijua yuko wapi, mimi ndiye niliyemwosha uso mara ya mwisho. Lakini mwili ulikuwa umezoea kungoja sauti, ukangoja. Ufito ukadondoka mbele ya magoti yangu vipande viwili. Nilizima gesi nikakaa sakafuni mpaka sakafu ikawa baridi. Siku ya pili nikaweka kioo cha kunyolea juu ya meza, nikawa naiona sabuni kwa kioo, na hivyo ndivyo gango lile lilivyopatikana. Lilitoka sawa. Mtaalamu alilisifu. Mimi sikulipenda hata siku moja.

Sasa nije kwenye lililowafarakanisha. Nimemwambia kila mmoja wenu peke yake, na kila mmoja akaenda na nusu yake. Leo nalisema mbele yenu wote. Wewe, kaka mtu, unasema dada yako alikudanganya kwenye simu, alikuambia mama anaendelea vizuri, ukabaki kazini, ukafika ukakuta watu wamejaa uani. Ni kweli alikuambia hivyo. Nilikuwa nimekaa pale alipo sasa. Mama yenu alimshika mkono akamwambia, “Mwambie niko vizuri, asije akaendesha gari usiku na machozi machoni.” Dada yako alikataa. Akaambiwa tena. Yale maneno yalikuwa ya mama yenu, dada yako aliyatamka tu, na alipokata simu alitoka nje akatapika. Na wewe, binti yangu, ulimwambia kaka yako mbele ya waombolezaji, “Umekuja kuona nyumba, mama umemkosa.” Ulikuwa hujalala siku nyingi. Lakini ulilisema, nami niliuona uso wake. Sitaamua nani alikosea zaidi. Mlimpenda mtu mmoja, kila mmoja akaumia mahali pake, na tangu hapo kila mmoja analinda jeraha lake asije mwenzake akaligusa.

Ningeweza hapa kuwafananisha na fito. Mama yenu angeniambia, “Hapa si darasani.” Kwa hiyo siwafananishi. Nyinyi ni watu, mna midomo. Semezaneni.

Usilie, mama. Bado sijamaliza, na pumzi ni ndogo. Niinueni kidogo. Hapo.

Nawapa kazi, na naitoa nikiwa hai kwa sababu sitaki ifanywe kwa ajili ya marehemu. Ifanywe kwa ajili ya mtoto. Vipimo vipya mtaalamu alivileta, viko chini ya mto wangu, chukueni. Fito mbili zimebaki nyuma ya mlango wa stoo, ni za mwisho, hakuna za kuchezea. Kaka atashika moto, mkono wake ni mtulivu, nimeuona tangu akiwa mdogo. Dada atatazama sabuni. Mtu anayetofautisha nyuzi mbili nyeusi kwa mwanga wa dirisha hatashindwa na sabuni. Kaka usibishe ukiambiwa. Hata ukiona bado, toa. Na dada, sema kwa sauti, useme na mtu, usiseme na ukuta. Mguu ukikua tena, fanyeni tena, na ukikua tena, tena, mpaka yule mtoto awaambie mwenyewe ametosheka na ninyi.

Mungu awatunze. Awape mikono mizima na usingizi. Awape watoto wenu kutembea mbali kuliko tulikofika sisi. Niliyowaudhi... yaacheni yapite. Mama yenu alikuwa radhi nanyi nyote wawili, nami niko radhi, neno hili mlibebe, ni zito kuliko kiwanja.

Nendeni sasa. Ndiyo, sasa hivi, kungali na mwanga. Mtoto mleteni hapa alale kando yangu, anazijua hadithi zangu, atanisimulia yeye. Mlango uacheni wazi nisikie. Ule moto, ukiwaka, una sauti... nausikia vizuri kutoka hapa.

Na mkiniita nisipojibu, msiache ufito kwenye moto mkaja mbio. Malizeni kwanza. Ukishapoa... ukishakunjika vizuri... ndipo mje.