Mzee Wahome, Gari Nyekundu na Kiti cha Opicho

Mzee Stephen Wahome Chege, ambaye mtaa mzima wa Tassia ulimjua kama Baba Shiro, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kangema, Murang'a, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Chege Mureithi na marehemu Mama Wanjiru. Mama yake alikuwa akisema huyu mtoto akipewa viazi, kwanza anachungulia sahani za wenzake, halafu anarudi kwa yake, halafu anamwangalia mpishi. Hakubadilika. Tunaanza na hilo ili msije mkasema hatukuwaambia.

Kabla atuache, marehemu aliagiza jambo moja lisomwe hapa, mbele ya wakwe zetu kina Lorraine, na mbele ya Mzee Opicho. Tutalifikia. Mkae vizuri, na wale wamesimama huko kwa tenti ya chakula, mtapata tu, hakuna mahali kinaenda.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1972, halafu akamaliza Form Four mwaka 1976. Wenye walisoma naye wanakumbuka sanduku lake la bweni lilikuwa na kufuli mbili. Ndani kulikuwa na sabuni, mswaki na kufuli ya tatu ya akiba.

Mwaka 1978 alishuka Nairobi, akaandikwa kibarua kwa kiwanda cha sabuni Industrial Area. Kwa kudra za Mungu, wakampeleka stoo. Mtu kama huyu kupewa stoo! Alikuwa anainua katoni akikuambia kama imefunguliwa, na jioni hata meneja alikuwa anafungua mkoba mwenyewe kabla aulizwe. Alistaafu mwaka 2018 akiwa hajawahi kupoteza kitu, na hajawahi kuamini mtu.

Isipokuwa mmoja. Alipofika mjini alikodi chumba Makadara, na jirani wa mlango wa pili alikuwa kijana fundi wa magari, mtu mkubwa wa mwili kutoka Bungoma, jina Opicho. Walipikia jiko moja. Marehemu alipofunga ndoa na mama yetu Waringa, tarehe 7 Desemba 1985, Opicho ndiye alisimama naye kanisani na ndiye aliwekwa kushika pete. Mama Shiro anasema hiyo pete tu ndiyo kitu mume wake alimpea mtu bila kuifuata nyuma. Walijaliwa watoto wawili, Shiro na Chege, na mwaka 2004 wakahamia Tassia.

Sasa gari.

Mwaka 2007 marehemu alinunua ile gari nyekundu mnaiona hapo kwa lango. Milango miwili, boneti ndefu kama jeneza, samahani, kama mashua, mtambo wa miaka ya themanini. Akiwa na umri wa kununua pikapu ya kubebea mbolea, yeye akanunua gari ya kukimbiza. Aliipenda vibaya. Mwaka 2009 wezi wakaisukuma kutoka kwa ploti, ikapatikana kando ya Jogoo Road bila redio na bila matairi mawili. Kutoka hiyo siku aliingia shaka ambayo haikutoka tena. Alimshuku Mativo, soja wa kulinda ploti. Alimshuku Ndindi wa kibanda, kwa sababu Ndindi alimwambia pole kabla hajaambiwa nini imeibiwa. Alikuwa anabandika uzi wa cherehani kwa boneti jioni, asubuhi anaangalia kama umekatika.

Halafu gari ikaanza tabia. Leo inawaka, kesho unageuza funguo na haisemi kitu, hata kukohoa. Taa ziko, honi iko, stata, ile mota ya kuamsha injini, imenyamaza. Mtaa ukaipatia jina: Kesho. Mama Shiro akakataa kuipanda, akasema hawezi sukuma gari na nguo za kanisa.

Opicho, ambaye sasa alikuwa na gareji yake Makadara, alibadilisha betri. Akasugua vichwa vya betri. Akabadilisha waya mnene wa kwenda kwa bodi, akafungua stata akaweka brashi mpya. Ikiwa kwa gareji inawaka tu, hata mara kumi. Wakitoka pamoja kwenda kuijaribu, wakisimama mahali, inakataa. Opicho anashuka, anafungua boneti, anagonga stata na spana, anaita, "Haya, piga!" Inawaka.

Baba Shiro akaanza kufikiria. Na mkimjua, hapo ndipo shida ilikuwa inazaliwa. Nikiwa peke yangu, akajiambia, inawaka. Opicho akiwa ndani inakataa. Opicho akishuka akigusa, inawaka. Alikuwa anamwangalia tu mikono.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili 2019, tulienda ruracio ya Chege, kupeleka mahari kwa kina Lorraine, Kiambu. Marehemu aliendesha, Opicho akakaa kando yake kama msemaji wetu. Njiani kwa kituo cha petroli ikakataa, Opicho akashuka, ikawaka. Tulipofika wakatuambia tusogeze magari, ikakataa tena pale pale kwa lango, wakwe wakiwa wamejipanga na nyimbo wameanza. Opicho akashuka, akainama kwa boneti, ikawaka.

Marehemu akatoka nje. "Opicho, unaifanyia nini hii gari?"

"Naifanyia nini? Si nakusaidia."

"Tangu uanze kuitengeneza, wewe ukiwa hauko haijawahi kataa. Unazima mwenyewe ndiyo uonekane ukiwasha. Unataka nichoke nayo nikuuzie."

"Wahome, tuko kwa watu."

"Ndiyo nasema wasikie. Huyu ni mwizi mwenye subira."

Nyimbo ziliisha zenyewe. Opicho akafunga boneti polepole, akapangusa mikono, akawapa wakwe pole kwa heshima, akatembea mpaka barabarani na suti yake. Ruracio ilisemewa na mjomba ambaye hakuwa amejiandaa, na wenye walikuwa hapo wanajua ilienda aje.

Na tangu hiyo siku, hapa mtacheka ama mtalia, gari haikukataa tena. Karibu miaka sita! Kila asubuhi inawaka, na kila ikiwaka marehemu anatuangalia. "Mnaona? Mnaona?" Ushahidi ulikuwa unanguruma hapo chini.

Mwishoni mwa 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilifura, maji yakajaa mwilini, mtu mwembamba akawa mzito hata kuinuka kwa kiti ni kazi. Daktari akamkataza kuendesha. Februari mwaka huu Shiro alimpeleka kliniki na ile gari, na kwa mara ya kwanza tangu ainunue, marehemu akakaa kiti cha abiria. Wakitoka, Shiro akageuza funguo. Kimya.

Marehemu akaangalia kushoto na kulia. "Opicho amepita hapa."

"Daddy, Opicho atapitia wapi? Hii ni hospitali."

"Uliza soja wa lango."

Akashuka kwa shida, akafungua boneti, hakugusa kitu kwa sababu hakujua cha kugusa. "Haya, piga!" Ikawaka. Akatabasamu. Shiro naye, vile amerithi hiyo damu ya kushuku, akaizima makusudi. "Daddy, ingia." Akaingia. Ikakataa. "Toka." Ikawaka. "Ingia tena." Ikakataa.

Marehemu alikaa hapo na mkono kwa dashibodi. Halafu akasema, "Nipeleke Makadara."

Opicho alikuwa chini ya lori. Aliiona gari nyekundu, akatoka, lakini hakusalimia. Marehemu akashuka, akazima gari mwenyewe, akasema, "Kaa hapo kwa kiti chako."

"Nikae ndiyo useme nimeharibu?"

"Opicho, nakuomba. Kaa."

Akakaa, Shiro akageuza funguo. Ikakataa. Akashuka. Ikawaka. Opicho akachukua taa ya kupima umeme, Shiro akakaa lakini hakuwa na uzito wa kutosha, wakaweka betri mbili za lori kwa kiti. Taa ilionyesha ule waya mwembamba wa kuamsha stata haupati moto. Akaufuata na vidole chini ya kapeti mpaka chini ya kiti cha abiria, akavuta mkono, akauliza taratibu:

"Wahome. Hii swichi ni ya nini?"

"Ya wezi. Ukiizima, stata haiwezi shika."

"Nani aliweka?"

"Mimi. Ule mwaka walichukua redio. Nilikuwa naikagua kila asubuhi, iko sawa."

"Swichi iko sawa. Waya zako ndiyo umekunja na mkono ukafunga na tepu. Springi za kiti zimelegea, mtu mzito akikaa zinavuta waya, zinaachana. Akishuka zinarudiana." Akapumua. "Nimefungua hii stata miaka yote, na hukuniambia kuna swichi?"

"Ningekuambia, ungejua iko wapi."

Opicho alimwangalia, akaketi kwa tairi, akacheka mpaka mafundi wa gareji ya jirani wakaja kuona. Marehemu hakucheka. Alisema, "Nilikutukana mbele ya watu. Nitakuomba msamaha mbele ya hao hao."

Alitaka twende Kiambu Pasaka. Mwili ulikataa. Tukapanga Mei, akalazwa. Alituacha Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, asubuhi, Opicho akiwa amekaa kando ya kitanda.

Kwa hivyo wakwe zetu, hili ndilo aliagiza, na ni kwa maneno yake: "Opicho hakuigusa ile gari kwa ubaya hata siku moja. Mwizi mwenye subira hakuwa yeye. Mimi ndiye niliibia rafiki yangu jina lake, na leo narudisha." Mzee Opicho, tafadhali simama watu wakuone. Asante.

Marehemu ameacha mke wake Waringa, watoto wake Shiro na Chege, mkaza mwana Lorraine, wajukuu wawili, na ndugu yake Opicho, ambaye leo ameileta hiyo gari kutoka Nairobi. Swichi ilihamishwa. Marehemu alimwonyesha Opicho mahali iko, na hakumwonyesha mtu mwingine, hata sisi. Kwa hivyo wale vijana mmekuwa mkiizunguka tangu asubuhi, pole sana.

Pumzika, Baba Shiro. Gari imefungwa, tumeangalia mara mbili.